Nchi ikishindwa kesi ya biashara, nani anailazimisha kutii? Jibu kwa mwalimu wa Maswa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, na baba yangu amelima pamba tangu sijaanza shule. Nilipokuwa nafundisha biashara ya kimataifa niliwaambia wanafunzi kwamba Marekani ilishindwa kesi ya pamba kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO) mwaka 2005. Wakanibana kwa maswali matatu nisiyoweza kuyajibu: nchi kubwa ikishindwa kesi, nani anaikamata? Kama ililipa, hizo fedha zilikwenda kwa nani? Na mkulima wa huku kwetu alipata nini? Naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wape hongera wanafunzi wako, maana maswali hayo matatu ndiyo yenyewe. Nimefanya kazi ya sheria za biashara kwa miaka mingi, na watu wengi ninaokutana nao, wakiwemo waheshimiwa, hudhani kesi inaisha siku hukumu inaposomwa. Siku hiyo kwa kweli ndiyo kazi inaanza.

Hakuna anayeikamata nchi. WTO haina polisi, haina dalali wa mahakama wa kuja kupiga mnada mali ya serikali, na haina uwezo wa kutoza faini. Jopo la kusikiliza kesi linaloketi Geneva, yalipo makao makuu ya WTO, haliwezi kufuta sheria iliyopitishwa Dodoma wala iliyopitishwa Washington. Marekani iliandika jambo hilo waziwazi katika sheria yake ya mwaka 1994 ya kuridhia mikataba ya WTO: kifungu cha mkataba kikigongana na sheria ya nchi, inayosimama ni sheria ya nchi. Kwa hiyo hukumu ya Geneva haibadilishi chochote mpaka mtu fulani nyumbani kwa aliyeshindwa ashike kalamu: waziri abadilishe kanuni, mamlaka ya kodi ibadilishe kiwango, au bunge lifute sheria.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Hukumu hupelekwa mbele ya Chombo cha Kusuluhisha Migogoro, ambacho ni wanachama wote wa WTO wameketi pamoja. Hapo inapita tu, isipokuwa wanachama wote wakubaliane isipite, na miongoni mwao yumo aliyeshinda. Unaweza kuona kwamba haiwezekani kuizuia. Ndani ya siku 30 aliyeshindwa anasimama na kutamka nia yake ya kutekeleza, na karibu kila nchi hutamka kwamba itatekeleza. Kisha huomba muda. Mkataba unaruhusu muda wa kuridhisha: pande mbili zinakubaliana, na zikishindwa, msuluhishi anaupanga, akiongozwa na kipimo kwamba usizidi miezi 15. Kanuni ya waziri hupewa muda mfupi kwa sababu inabadilishwa kwa tangazo la gazeti la serikali. Sheria ya bunge hupewa zaidi, kwa sababu kila mtu anajua mwendo wa bunge.

Kutii nako kuna njia zaidi ya moja, na mwenye kuchagua njia ni aliyeshindwa. Japani mwaka 1996 ilikutwa na kosa la kutoza wiski na vodka kutoka nje kodi kubwa kuliko shochu, pombe yake ya jadi. Ingeweza kushusha kodi ya wiski hadi ilingane na ya shochu, au kupandisha ya shochu. Ilifanya yote mawili kwa kiasi, kwa awamu, na kwa kuwa awamu hizo zilipita muda iliopewa, ikakubali kupunguza ushuru wa bidhaa nyingine kama fidia kwa walioshtaki. WTO ilitaka usawa wa kodi. Usawa huo utapatikanaje, na nani ataumia ndani ya Japani, hayo yaliachiwa Tokyo.

Sasa tuje kwenye pamba, kwa sababu sioni kesi inayofundisha kutii na kutotii kama hiyo.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 2001 bei ya pamba nyuzi kwenye soko la dunia ilishuka chini ya senti 40 za dola kwa ratili. Muulize baba yako, atakuwa anaukumbuka msimu huo. Bei ikianguka hivyo, mkulima wa Maswa anapunguza ekari, anahamia kwenye dengu au mahindi, au analima kwa hasara. Mkulima wa Texas hakuhitaji kupunguza hata mstari mmoja wa shamba. Serikali yake ilikuwa imemwekea bei ya chini kabisa, na soko likishuka, serikali inajaza pengo. Juu ya hapo, wauzaji wa nje na viwanda vya nguo vya Marekani vililipwa tofauti kila pamba ya Marekani ilipokuwa ghali kuliko ya wenzao. Malipo hayo yaliitwa Hatua ya Pili. Halafu kulikuwa na dhamana: mnunuzi wa nje akichukua mkopo kununua pamba ya Marekani, serikali ya Marekani inamdhamini kwa ada isiyotosha kufidia gharama ya kumdhamini. Kati ya mwaka 1999 na 2003 ruzuku za pamba zilizobishaniwa kwenye kesi zilizidi dola bilioni 12.

Brazil ilifungua madai Septemba 2002. Mtu aliyeisukuma sana kesi hiyo alikuwa Pedro de Camargo Neto, aliyekuwa ofisa wa juu katika wizara ya kilimo ya Brazil, na hesabu zilizowekwa mezani zilifanywa na profesa Mmarekani, Daniel Sumner wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Hesabu zake zilionyesha kwamba bila ruzuku hizo, bei ya pamba duniani ingekuwa juu kwa asilimia 12.6. Hizo ni takwimu za upande mmoja wa kesi, nazo zilipingwa. Lakini jopo lilikubali hoja kubwa, kwamba ruzuku za Marekani ziliikandamiza bei ya dunia kwa kiasi kikubwa, na Chombo cha Rufaa, yaani ngazi ya rufaa ya WTO, kikathibitisha Machi 2005.

Hapo muda haukuwa wa kubembelezana. Ruzuku za kusukuma mauzo ya nje au za kupendelea pamba ya nyumbani, yaani Hatua ya Pili na zile dhamana, mkataba unazikataza kabisa, kwa hiyo zilitakiwa kuondolewa ifikapo Julai 1, 2005. Zile za kumjazia mkulima pengo la bei hazikatazwi moja kwa moja. Kosa lake ni madhara. Kwa hizo Marekani ilitakiwa, ifikapo Septemba 21, 2005, iziondoe au iondoe madhara yake.

Marekani ilifanya nini? Wizara yake ya kilimo ilibadilisha ada za dhamana mara moja, kwa kuwa hilo lilikuwa ndani ya uwezo wa ofisi. Hatua ya Pili ilihitaji bunge. Bunge likaifuta kwa sheria iliyotiwa saini Februari 2006, na malipo yakakoma Agosti 1, 2006, mwaka mzima na zaidi baada ya tarehe iliyopangwa. Na malipo ya kujaza pengo la bei, ambayo ndiyo yalikuwa moyo wa mfumo mzima, hayakuguswa.

Wanafunzi wako wasimame hapo kidogo, kwa sababu swali linalofuata ni zuri: nani anaamua kama aliyeshindwa ametii? Si yeye mwenyewe, na si aliyeshinda. Wakibishana, jambo linarudishwa kwenye jopo, lile lile la kwanza ikiwezekana. Brazil ikarudi mwaka 2006. Jopo likasema Marekani haijatii, rufaa ikakatwa, na Juni 2008 Chombo cha Rufaa kikasema vivyo hivyo. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu ushindi wa kwanza, na katika miaka hiyo mitatu hakuna senti iliyodaiwa kwa madhara ya nyuma. Sheria ya WTO huangalia mbele: inamtaka aliyekosa aache kukosa, haimtaki alipe aliyokwisha kusababisha. Mkulima aliyeuza kwa hasara mwaka 2001 hana dai lolote Geneva. Mimi naliona hilo kuwa upungufu mkubwa kuliko wote wa mfumo huu, kwa sababu linampa mkosaji kila sababu ya kuchelewa.

Kinachobaki kwa aliyeshinda, kama fidia haikupatikana kwa maelewano, ni kuomba ruhusa ya kulipiza: kumnyima aliyeshindwa nafuu za biashara alizokuwa amepewa. Kiasi chake hupimwa na wasuluhishi ili kisizidi hasara. Agosti 31, 2009 wasuluhishi waliipa Brazil dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa ajili ya ruzuku za bei, pamoja na kiasi kingine kwa ajili ya dhamana, ambacho kingepigiwa hesabu upya kila mwaka kwa kanuni maalumu. Kwa mwaka 2010 jumla ilifika takriban dola milioni 829.

Usidhani Brazil ililipwa fedha hizo. Ilipewa ruhusa ya kutoza ushuru wa ziada wenye athari ya kiasi hicho. Kuna tatizo la wazi hapo: ukipandisha ushuru wa bidhaa unazozihitaji, unamtoza raia wako mwenyewe. Ndiyo maana orodha huandaliwa kwa makini sana. Machi 8, 2010 Brazil ilitangaza bidhaa 102 za Marekani, zikiwemo magari, vipodozi, ngano na pamba yenyewe, na kusema ushuru mpya utaanza Aprili 7. Wiki moja baadaye ikatoa orodha ya pili, na naamini hiyo ndiyo iliyowakosesha watu usingizi Washington: orodha ya haki za ubunifu. Kwa sababu kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa kikubwa, wasuluhishi walikuwa wameiruhusu Brazil ivuke mipaka ya bidhaa na kugusa hataza za dawa, yaani haki ya mvumbuzi kuitengeneza dawa peke yake, na hakimiliki za muziki na filamu. Ili iweze kufanya hivyo, Brazil nayo ilikuwa imejitungia sheria maalumu mwezi Februari mwaka huo huo. Kwa hiyo hata kulipiza huhitaji sheria nyumbani, na nchi isiyojiandaa kwa hilo hushikilia ruhusa isiyoweza kuitumia.

Angalia nini kimetokea hapo. Mpaka Februari 2010 ugomvi ulikuwa kati ya wakulima wa pamba wa Brazil na wakulima wa pamba wa Marekani, na hao wa pili wana wabunge wao wanaowasikiliza. Machi 2010, kampuni za dawa, watengeneza filamu, na wauza magari, ambao pamba haiwahusu kabisa, walijikuta ndio watakaolipa. Wakaanza kuuliza maswali kwa wabunge wao. Hii ndiyo nguvu pekee iliyomo katika ruhusa ya kulipiza: inamtafutia aliyeshinda watetezi ndani ya nyumba ya aliyeshindwa.

Ilifanya kazi, lakini si kwa namna ambayo ungetarajia. Siku chache kabla ya Aprili 7 Marekani iliomba mazungumzo. Badala ya kufuta ruzuku ilikubali kulipa dola milioni 147.3 kwa mwaka, kama dola milioni 12.3 kila mwezi, kwenye mfuko wa kusaidia sekta ya pamba ya Brazil. Taasisi ya Pamba ya Brazil iliundwa kuusimamia. Kwa lugha ya shambani: mlipakodi wa Marekani alianza kumlipa mkulima wa Brazil ili serikali yake iendelee kumlipa mkulima wa Marekani. Malipo hayo yalisimama mwaka 2013. Mwaka 2014 Marekani ilipitisha sheria mpya ya kilimo iliyoiondoa pamba kwenye malipo ya aina ile ya zamani na kuiwekea mpango wa bima, na Oktoba 1, 2014 pande mbili zikafunga jalada: Marekani ililipa dola milioni 300 kwa mara moja, ikakubali kwamba dhamana za mikopo zisizidi miezi 18, na Brazil ikaacha haki yake ya kulipiza. Miaka 12 kutoka siku ya kwanza.

Wanafunzi wakikuuliza kama huko ni kutii, mimi nawajibu kwamba kwa sehemu kubwa haikuwa kutii. Mkataba wenyewe unasema fidia na kulipiza ni vya muda tu, na lengo ni sheria mbaya iondolewe. Hapa Hatua ya Pili iliondolewa kweli, dhamana zilirekebishwa, na malipo ya bei yakabadilishwa sura miaka tisa baada ya hukumu. Yaliyobaki yalinunuliwa.

Nisikufanye uamini kwamba kila kesi huenda hivyo. Nyingi huisha bila kelele. Machi 2002 Rais George W. Bush aliweka ushuru wa chuma. Novemba 2003 Chombo cha Rufaa kikasema ni kosa. Umoja wa Ulaya ukaweka hadharani orodha ya kulipiza ya takriban dola bilioni 2.2, ikilenga bidhaa za majimbo yenye ushindani mkali wa kura kama matunda ya Florida. Na Desemba 4 mwaka huo huo ushuru ukaondolewa. China ilishindwa kesi ya madini adimu mwaka 2014, na ilipofika Mei 2015 ilikuwa imeondoa mipaka ya kiasi cha kuuza nje na kodi zake. Mwaka 2015 Canada na Mexico ziliporuhusiwa kulipiza kwa sababu ya alama za kuonyesha nchi ilikotoka nyama, Bunge la Marekani lilifuta sheria hiyo mwezi huo huo wa Desemba. Katika kesi ya chuma na ya nyama, aliyeshtaki alikuwa na soko kubwa la kufungia mlango, na sheria iliyolalamikiwa ilikuwa na maadui wake pia ndani ya nchi.

Upande wa pili kuna Antigua na Barbuda, visiwa vya Karibi vyenye watu wasiofika laki moja na nusu. Viliishtaki Marekani kwa kuzuia kamari za mtandaoni kutoka nje, vikashinda mwaka 2005. Vilidai zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Wasuluhishi wakavipa dola milioni 21. Januari 2013 vilipewa rasmi ruhusa ya kulipiza kupitia haki za ubunifu za Marekani. Marekani haijabadilisha sheria ile. Antigua ikipandisha ushuru wa bidhaa za Marekani inaupandishia bei mkate wa watu wake, na Washington haitasikia hata kidogo. Ecuador ilipitia hali ya namna hiyo kwenye kesi ya ndizi dhidi ya Ulaya: iliruhusiwa mwaka 2000 kulipiza dola milioni 201.6, haikutumia ruhusa hiyo, na ugomvi wa ndizi ulikuja kumalizwa kwa makubaliano ya Desemba 2009.

Na kuna kutotii kwa upole. Nchi iliyopewa muda inatakiwa kuleta ripoti ya utekelezaji kila kikao mpaka jambo liishe. Mwaka 2002 Marekani ilishindwa kesi dhidi ya Ulaya kuhusu kifungu cha sheria yake kinachogusa alama za biashara za Cuba, ugomvi uliotokana na ramu ya Havana Club. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, kikao baada ya kikao, mjumbe wa Marekani alileta karatasi yenye maneno machache kusema kwamba serikali inaendelea kushirikiana na bunge kutafuta suluhisho. Ulaya inasema inasikitika, Cuba inasema kwa ukali zaidi, mwenyekiti anapita kwenye ajenda inayofuata. Mwanafunzi wako wa kidato cha pili alikuwa hajazaliwa karatasi ya kwanza ilipoletwa.

Sasa swali la fedha na la mkulima wetu, ambayo kwa kweli ni swali moja.

Dola zile zilikwenda Brazil kwa sababu Brazil ndiyo iliyoshtaki. Benin na Chad ziliingia kwenye kesi kama wahusika wa tatu: zilisikilizwa, hoja zao ziliandikwa, lakini mhusika wa tatu hapewi chochote mwishoni. Nchi hizo mbili pamoja na Mali na Burkina Faso zilikuwa zimechagua njia nyingine. Juni 2003 Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso alikwenda Geneva mwenyewe kuomba ruzuku za pamba ziondolewe kwa mazungumzo na wakulima wafidiwe. Tanzania haikuwa miongoni mwa wahusika wa kesi ile. Nami nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa pamba yetu sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa nyuzi, na bei dira inayosomwa kabla ya msimu kufunguliwa inatokana na bei ya dunia ile ile iliyobishaniwa Geneva. Ubishi ulikuwa juu ya mizani ya chama chetu cha msingi, na sisi hatukuwa chumbani.

Mazungumzo yalizaa kitu hatimaye, na kilizaliwa karibu na sisi. Desemba 2015 mawaziri wa WTO walikutana Nairobi, mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika Afrika Mashariki, chini ya uenyekiti wa Amina Mohamed wa Kenya. Walikubaliana kwamba nchi tajiri ziache mara moja ruzuku za kuuza pamba nje, na nchi zinazoendelea ziache ifikapo Januari 1, 2017. Mikopo yenye dhamana ya serikali ikawekewa ukomo wa miezi 18, ule ule ambao Marekani ilikuwa imeukubali mbele ya Brazil mwaka mmoja kabla. Ruzuku za ndani, zile za kumjazia mkulima pengo la bei, hazikuguswa Nairobi, na hadi leo zinazungumzwa.

Je, nchi kama yetu ingeweza kushtaki? Ingeweza, na inaweza. Bangladesh, nchi maskini kama sisi kwa orodha za Umoja wa Mataifa, iliishtaki India mwaka 2004 kwa sababu ya ushuru wa betri, na India ikauondoa kabla hata jopo halijaundwa. Tangu 2001 pale Geneva kuna kituo cha ushauri wa sheria za WTO kinachowasaidia wanachama maskini kwa gharama ndogo mno. Kinachokosekana mara nyingi ni takwimu kutoka viwanda vya kuchambua pamba na vyama vya ushirika, zilizotunzwa mwaka hadi mwaka, za kuonyesha hasara kwa namba. Brazil ilikuwa nazo.

Siwezi kukuficha kwamba kushtaki leo ni kugumu kuliko wakati ule. Tangu Desemba 11, 2019 Chombo cha Rufaa hakina majaji wa kutosha kuketi, kwa kuwa Marekani imezuia uteuzi. Aliyeshindwa kwenye jopo anaweza kukata rufaa kwa chombo kisichoketi, na hukumu ikabaki hewani bila kupitishwa. Tunisia iliishtaki Morocco kwa ushuru wa madaftari ya shule, jopo likatoa ripoti yake Julai 2021, na mwezi huo huo Morocco ikakata rufaa. Kesi iko hapo hapo. Baadhi ya wanachama wamejiundia rufaa yao ya muda tangu 2020 ili wasikwame, lakini inawafunga wao tu.

Kwa Afrika Mashariki kuna mlango mwingine ambao wanafunzi wako wangependa kuujua. Geneva anayeshtaki ni serikali peke yake. Kampuni au mkulima hana nafasi. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha hupokea kesi ya mkaazi yeyote wa nchi mwanachama. Mwaka 2019 kampuni ya sigara nchini Uganda ilishinda kesi dhidi ya serikali kwa sababu sigara zake zilizotengenezwa Kenya zilitozwa kodi kubwa kuliko za Uganda. Mkataba wa Jumuiya unaitaka nchi itekeleze hukumu bila kuchelewa, lakini hapo pia hakuna polisi. Kalamu inabaki mkononi mwa waziri na bunge.

Nimebakiza jambo moja la swali lako la tatu. Yale makubaliano ya mwaka 2010 yaliiruhusu Brazil kutumia sehemu ya fedha kushirikiana na wakulima wa pamba wa Afrika kusini mwa Sahara. Brazil ilianza na zile nchi nne za Afrika Magharibi. Halafu, kuanzia mwaka 2016, ukaja mradi unaoitwa Cotton Victoria, kwa ajili ya nchi tatu za bonde la Ziwa Victoria: Kenya, Burundi na Tanzania. Uliendeshwa na shirika la ushirikiano la serikali ya Brazil pamoja na Chuo Kikuu cha Lavras, kwa msaada wa ile Taasisi ya Pamba iliyoundwa kupokea fedha za Marekani. Kwa upande wetu kituo chake kilikuwa Ukiriguru, kituo cha utafiti wa pamba wilayani Misungwi. Kwa hiyo ndiyo, kitu kilifika. Kilifika kama hisani ya aliyeshinda, kikiwa mafunzo, mbegu na mashamba ya majaribio, wala hakikufika kama haki ya baba yako kwa bei aliyoikosa.

Kutoka Maswa hadi Ukiriguru si mbali kwa basi la shule. Nakushauri uwapeleke watoto, uwaombe wataalamu wa pale wawaonyeshe walichojifunza katika mradi huo, na baba yako mwende naye. Yeye atauliza maswali ya nafasi kati ya mistari na dawa za wadudu, na watoto watakuwa wanajua fedha zilizoleta mafunzo hayo zilitoka wapi.